Gunia la Bodi Nzima

3 Februari

Ndugu Mchenjuaji,

Ni mimi, yule fundi simu wa kona anayekuuzia bodi mbovu. Mzigo unapanda lori leo, na barua hii nailaza juu kabisa ndani ya gunia ili uione kabla hujamwaga. Nimekupigia simu mpaka nikaona aibu. Inaita, inaita, hupokei. Nikajiambia, huyu kaka ama ana kazi nyingi ama hapendi watu.

Sina shida kubwa. Malipo yako yanafika, na dereva ni mwaminifu ingawa ana mdomo. Nilitaka kuuliza tu: hizi takataka unazifanyia nini hasa? Mimi simu ikinishinda, bodi yake naitupa kwenye ndoo chini ya meza. Ndoo ikijaa, gunia. Dereva anasema eti unatoa dhahabu humo. Nilimcheka. Halafu nikaichukua bodi moja nikaigeuzageuza kwenye taa, nikaona vile vijistari vya pembeni vinavyong'aa, vyembamba kama uzi. Nimevishika maisha yangu yote bila kuviuliza jina.

Ukipata nafasi niambie. Mimi ni mtu wa kupenda kujua tu.

Fundi wa Kona


16 Februari

Fundi,

Dereva hakukudanganya. Dhahabu imo, ila ni kidogo, na haitoki kwa kubembelezwa.

Kwanza nakata hivyo vijistari kwa mkasi, nang'oa na vijipini na vichipu vyeusi. Naviweka kwenye chombo cha kioo, namimina tindikali. Shaba haina ubishi, inayeyuka mapema na maji yanageuka kijani. Dhahabu yenyewe haijali. Inabaki inaelea kama maganda ya kitunguu. Naichuja, naiosha, naitia kwenye tindikali mbili zilizochanganywa. Kila moja peke yake haiiwezi, zikiungana inakwisha yote. Hapo unabaki na maji ya manjano ambayo mtu asiyejua angeyamwaga. Natia unga mweupe, taratibu, nangoja. Maji yanachafuka, dhahabu inaanza kushuka chini. Usidhani inang'aa. Ni unga wa kahawia, kama matope. Mpaka uipeleke motoni ndipo inarudi kuwa dhahabu.

Nilijifunza kwa baba. Alikuwa sonara, na vumbi alilofagia karakanani hakulitupa. Alilichemsha akarudisha kila chembe iliyomponyoka.

Nina maombi mawili. Usichanganye betri na bodi. Ya mwisho ilitobolewa na pini, gunia likafuka moshi dukani kwa dada yangu, ambako dereva huacha mzigo. Dada akalimwagia ndoo ya maji, gunia pamoja na vitambaa vyake vya kuuza. Amenisema wiki nzima. La pili, usipige simu. Andika.

Mchenjuaji


5 Machi

Kaka Mchenjuaji,

Barua yako nimeisoma nimesimama, wateja wananingoja. Mpe dada pole ya vitambaa. Betri sasa zina ndoo yao.

Umenifungulia karakana yako, na mimi nikufungulie yangu. Ni kibanda cha mbao, meza moja, taa ya kuvuta, na nyuma yake chumba ninacholala. Mke wangu alifariki zamani. Binti yetu ameolewa mbali. Kila Jumapili ananipigia kuuliza nimekula nini, na kila Jumapili namdanganya.

Sasa nina jambo, na sina mwanamume mwenzangu wa kumwuliza. Mafundi wa hapa ukiwanong'oneza siri jioni, asubuhi unaisikia kwa muuza vocha. Kuna mama mmoja mshonaji, analeta simu yake nimtengenezee. Kaka, simu ni nzima. Haina lolote. Anakaa kwenye benchi anapiga hadithi mpaka naifunga, wiki inayofuata huyo tena, eti inajizima. Ni mtu mzuri, anacheka vizuri. Lakini akiondoka sioni kwamba kibanda kimebaki kitupu. Nifanyeje? Sisi wanaume mambo haya hatukufundishwa.

Fundi wa Kona


22 Machi

Fundi,

Mwambie simu ni nzima. Kwa upole, na usimtoze kitu. Mtu anayebeba simu nzima kwenda kwa fundi anajua anachotafuta, na si haki umkalishe kwenye benchi akingoja kisichokuja. Kama akiondoka kibanda hakibaki kitupu, jibu unalo tayari.

Mambo ya ndoa mimi sikujaliwa, kwa hiyo upime maneno yangu kabla ya kuyafuata.

Mzigo wako nimeumaliza leo. Kifua kinabana kidogo, ni hali ya hewa tu. Ngoja nikuambie kitu. Kuna wakati katika kazi hii, ukishatia ule unga, maji yanakaa kimya. Hakuna kinachotokea. Kila mara naingiwa na hofu kwamba safari hii haitatoka, nimeharibu, nimemwaga jasho la bure. Halafu katikati ya maji panatokea kitu kama pumzi ya mtu kwenye kioo, kinakuwa kizito, kinashuka. Kila mara inatoka, na kila mara nashangaa. Leo nilitamani pangekuwa na mtu karibu nimwambie, tazama.

Mchenjuaji


12 Aprili

Kaka,

Nimemwambia. Alinitazama, akacheka kile kicheko chake, akasema, "Fundi, ulichelewa kugundua." Akachukua simu yake akavuka barabara kwa fundi wa upande wa pili. Kibanda chake sasa kina maua kwenye kopo. Nimefurahi kwa ajili yao, kweli kabisa.

Niliposoma habari za ile pumzi kwenye kioo, niliacha kazi nikakaa. Sijawahi kuona, lakini nimeona.

Hicho kifua, kaka, mbona unakitaja kwa kukipitia pembeni? Dereva anasema moshi wa kazi yako ni mbaya, una rangi ya kutu. Unajikinga vipi? Una dirisha? Usinijibu "hali ya hewa". Mimi nikiulizwa nimekula nini najua mtu anavyojibu anapotaka kuachwa.

Na usinicheke, ila siku za lori natoka nje kuchungulia barabara kama mtoto aliyeahidiwa zawadi.

Fundi wa Kona


3 Mei

Fundi,

Dirisha lipo. Barakoa ipo. Tuzungumze habari nyingine.

Leo nimefungua gunia lako. Bodi ya kwanza haikuwa na alama ya kuungua. Ya pili haikuwa na kutu. Nikaitia umeme ya tatu, ikawaka, ikanipigia na muziki. Fundi, umenitumia gunia la bodi nzima. Tindikali nilikuwa nimeshaipima, nikairudisha kwenye chupa. Siwezi kuua kitu kinachoniimbia.

Umekosea gunia? Au kuna nini?

Mchenjuaji


15 Mei

Kaka,

Sikukosea.

Mbovu ziliisha. Msimu huu watu wananunua simu mpya badala ya kutengeneza. Nilimpa dereva barua peke yake, akaitazama kama nimempa chura. "Mimi nabeba mizigo," akasema, "sikuajiriwa na posta." Lori likawa linaondoka. Nikaingia ndani nikakusanya bodi nzima nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya vipuri, nikazitia kwenye gunia, barua nikaiweka juu.

Najua unavyonifikiria. Mtu mzima, na mvi zangu, nimefanya kama yule mama mshonaji. Tena yeye alibeba simu moja, mimi gunia zima. Sina maelezo mazuri, kaka. Kuna watu nawaona kila siku na sijui nikizungumza nao nini. Wewe sijakuona, na yakinitokea mambo nawaza jinsi nitakavyokuandikia.

Zirudishe ukipenda. Ukitaka kuziyeyusha, yeyusha. Ila usiache kuandika.

Fundi wa Kona


10 Juni

Kaka,

Hili ni gunia la pili tangu nikuandikie habari za bodi, na lori limerudi mikono mitupu. Kama nilikuudhi, niambie kwa ukali wowote unaotaka. Dereva nikimwuliza anaangalia tairi. Nimejaribu na simu, nisamehe, ulinikataza. Imezimwa.

Neno moja tu linanitosha.

Fundi wa Kona


18 Juni

Bwana Fundi,

Hunijui. Ni mimi dada, wa vitambaa vilivyolowa. Barua yako ya mwisho nimeikuta ndani ya gunia na nimeifungua. Radhi sikuombi, maana mwenyewe yuko hospitali.

Alikuwa kwenye kile chumba chake cha uani. Majirani walilalamika harufu, basi akafunga dirisha afanye kazi. Anasema chombo kilifoka. Mimi nilikuwa nampelekea chakula, nikakuta moshi umetanda chini ya mlango, naye ametambaa mpaka kizingitini. Nimemvuta kwa mikono yangu hii. Mwanzoni alipumulia mashine. Sasa anapumua mwenyewe. Mikono ni salama, alivaa glavu. Kilichoumia ni kifua.

La pili, kaa chini kwanza. Naona unamwita kaka. Bwana Fundi, huyo si kaka. Ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja, na juzi nimemsuka nywele pale pale kitandani. Wauzaji wakijua mnunuzi ni mwanamke humchezea mizani, ndiyo sababu hujiita Mchenjuaji basi, na Kiswahili hakimlazimishi mtu kusema zaidi ya hapo. Dereva anajua. Amejua siku zote. Nimemwuliza kwa nini hakukuambia, akasema hukumwuliza.

Sijui mna nini nyinyi wawili. Ninachojua, tangu mwaka uanze, lori likipiga honi yeye anafika mlangoni kabla yangu, na huyo si mtu wa kukimbia. Zile bodi zako nzima amezipanga kwenye rafu kama vyombo vya wageni.

Andika. Lakini andika kitu cha maana.

Dada Mkubwa


21 Juni

Kwako wewe,

Naona umeona jinsi nilivyoanza. Nimechana karatasi nyingi. Kila nikifika mahali pa kukuita, mkono unaandika kaka.

Nimezisoma upya barua zako zote nikitafuta uliponidanganya. Hakuna. Uliandika ndoa hukujaliwa, nikasoma nilichotaka kusoma. Halafu nikakumbuka "sisi wanaume hatukufundishwa", nikafunika uso kwa kitambaa cha kufutia meza, kibandani, mchana kweupe. Fundi wa ng'ambo ya barabara akauliza kama nimefiwa.

Hasira sina, ila kwa lile dirisha. Mimi nilikuuliza, unalo? Ukasema lipo. Hukusema limefungwa.

Usijibu mpaka uweze. Pumua tu, ndiyo kazi yako kwa sasa. Mimi nitaandika, gunia liwepo lisiwepo. Nimemwambia dereva kuanzia leo yeye ni posta, apende asipende. Akapigapiga mfuko wa shati, eti bahasha zitakaa humo, akasema, "Mwambie ugua pole." Hata nauli amekataa.

Fundi wa Kona


14 Julai

Fundi,

Niko kwa dada, kitanda kimesogezwa dirishani. Liko wazi. Nimeanza na hilo ili utulie.

Simu nilikukataza kwa sababu sauti yangu ilikwisha zamani, kidogo kidogo, kwa moshi. Kabla ya ajali ilikuwa imebaki kama ya mtu mwenye mafua. Nikipokea simu wanasema haloo, haloo, sikusikii, wanakata. Wengine wanatukana. Sasa baada ya hili ni mnong'ono tu. Kwenye karatasi nilikuwa na sauti nzima. Uliponiita kaka nilikusudia kukurekebisha barua inayofuata. Ikaja ile ya mshonaji, nikaona nikisema, utaanza kunichagulia maneno. Sikutaka. Na huyo mshonaji aliniuma kidogo. Hilo nalisema leo na silirudii.

Barua yako ya bodi niliipata asubuhi ya siku ile ya ajali. Nilikuwa nataka kumaliza mapema nikujibu vizuri. Si kosa lako, usilibebe. Nakuambia kwa sababu umeniomba nisikupitishe pembeni.

Daktari amesema nisiguse tena tindikali. Amesema haraka haraka huku anaandika mengine. Sijui kufanya kazi nyingine, na hata ningejua, ni hii ninayoipenda. Dada ameficha ufunguo wa chumba. Anadhani sijui uko ndani ya kopo la vifungo.

Umeuliza kama unaweza kuja. Hukuuliza, lakini nimesikia. Usije. Nimekonda, na mtu akitaka kunisikia inabidi ainame kama anachungulia kisima.

Mchenjuaji


20 Julai

Mchenjuaji wangu,

Hiyo "wangu" imetoka yenyewe, nikaiacha.

Sitakuambia uache kazi. Daktari amekuambia, dada amekuambia, mimi nikiongeza nitakuwa kelele. Nakuuliza tu wewe unayeijua: hakuna njia isiyo na ule moshi? Hata kama ni ya polepole? Hata kama inatoa kidogo? Sina elimu ya tindikali, lakini simu iliyoingia maji nimejifunza kutoikausha kwa moto. Naifungua, naiweka mahali penye hewa, naiacha. Wateja wananuna. Simu zinapona.

Kuhusu sauti. Kila siku naletewa simu ambazo spika zimekufa. Watu wanasema haitoi kitu. Naibana sikioni, nafumba macho, na mara nyingi kuna mtu anaongea humo ndani. Kuinama ndiyo kazi yangu.

Umeandika nisije, nimesoma. Nauliza tena, kwa adabu, na ukikataa sitarudia: nije?

Fundi wa Kona


5 Agosti

Fundi,

Ipo njia. Baba aliijua akaidharau, mimi nikamfuata kuidharau. Tindikali dhaifu, na dawa ya vidonda ile yenye mapovu. Haili dhahabu, inakula shaba iliyo chini yake, na ganda linajibandua lenyewe. Inachukua siku na siku. Dhahabu haitoki safi kama zamani, kwa hiyo ule usafishaji wa mwisho nimewaachia watu wa kiwandani, wenye mitambo ya kuvuta moshi. Nitapata kidogo. Daktari nilimweleza kwa karatasi, akasoma yote, akasema kama ni nje, na kama nakaa mbali, na kama dada yupo. Dada amesema yupo.

Tumeezeka bati uani, halina kuta. Chumba kile tumekigeuza stoo ya vitambaa. Nakaa kwenye kiti, upepo mgongoni, natazama chombo kutoka mbali kama mtu anayelinda maziwa. Polepole yake inachosha, lazima niseme. Lakini jana ganda la kwanza lilijibandua, likazunguka, likaelea juu zima zima, jembamba kuliko karatasi. Nikampungia dada mkono aje. Akaja, akatazama, akasema, "Ndiyo hiyo tu?" Akarudi dukani.

Basi nikajua ni nani ninayetaka atazame.

Njoo. Ukishuka kwenye lori usipige kelele kwamba umefika, dada ameanza kukuita shemeji mbele ya wateja. Nimemkataza. Nikimkataza hasikii, na safari hii hata kama ningekuwa na sauti asingesikia.

Mchenjuaji


23 Agosti, jikoni

Fundi,

Naandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya vitambaa vya dada, kwa sababu birika linachemka na dada anaongea, na mimi siwezi kuwashinda wote wawili. Nitampa akuletee hapo sebuleni. Ataisoma njiani, usijali.

Umeniuliza habari ya ndoa mbele yake, nami nikakimbilia chai. Usidhani nimeudhika. Sijakimbia jambo kwa furaha namna hii tangu nilipokuwa msichana.

Asubuhi nilikuona kabla hujaniona. Ulisimama nje ya duka na begi lako, ukashika mlango, ukauachia, ukafuta viatu kwenye miguu ya suruali. Wewe ni mfupi kuliko mwandiko wako. Nilitaka kucheka lakini kucheka bado kunaniuma. Halafu tulipokwenda uani ukatazama kwenye chombo, na ganda likaja juu. Ulivuta tu kiti cha pili ukakaa. Nilikuwa nimeandaa mambo mengi ya kukuonyesha. Sikuyahitaji.

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Kazi siiachi. Usiku nakohoa, na huenda nitakohoa siku zote, usije ukasema hukuambiwa. Ubavuni mwa duka la dada kuna ukuta mtupu unaotazama barabara. Nimeupima. Kibanda kinaenea, na taa ya kuvuta, na benchi. Binti yako umpigie leo, umwambie ukweli umekula nini.

Jibu lenyewe sikuandikii. Yote mengine nimekuandikia, hili nataka litoke mdomoni, hata likitoka dogo. Mwache dada aongee na kikombe. Njoo huku jikoni, usogee karibu kabisa, uiname.

Mchenjuaji